Siku nilipompoteza Kaka Santo Domingo, na kila niliyemuuliza akanionyesha choo

Wakuu, hamjambo humu ndani? Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba hata kama hamjaniamkia.

Mimi ni msomaji wa kimyakimya. Nyuzi zenu nazisoma kwenye break kazini, nacheka peke yangu mpaka supervisor ananitazama. Leo nimeona nami nitoe langu. Ni la kweli tupu, na shahidi yupo hai, anakaa hapa hapa Birmingham, na akilisoma atanipigia simu kunigombeza. Potelea mbali.

Wenye haraka poleni, mimi kufupisha sijui.

Kwanza mumjue Kaka. Kwetu Tabora tumebaki wawili, yeye wa kwanza, mimi kitinda mimba. Baba alifariki mapema, kwa hiyo Kaka ndiye baba niliyemjua. Ndiye aliyenisomesha, ndiye aliyenileta Uingereza, ndiye aliyenitafutia chumba Bordesley Green karibu na ile hospitali kubwa nilikoanza kazi ya usafi. Yeye ni dereva wa basi, mtu wa msimamo, maneno machache. Na ana sukari, ile ya kujichoma sindano kila siku.

Sasa shikeni jambo moja, maana ndilo uzi wenyewe.

Mpaka safari hii ninayowasimulia, sikuwahi kumwita Kaka jina lake. Si mbele yake, si kwa kumsengenya. Kwetu mkubwa haitwi jina. Nikiwa mdogo nilimsikia Mama anamwita toka uani, nami nikaiga, basi Mama (Mungu amrehemu) akanishika midomo kwa vidole viwili akaifinya. Sikurudia. Kwenye simu yangu kaandikwa Kaka. Watoto wangu waliozaliwa huku, unawasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, miaka na miaka walidhani jina la mjomba wao ni Uncle Kaka.

Wifi yangu, mke wake, anamwita Baba Amina. Kazini Waingereza wamelikata jina lake wakamwita Zed. Kila mtu ana lake.

Haya, twende safari.

Miaka ile ya elfu mbili na ushee, simu bado za vitufe, Wifi na Kaka walilipia holiday ya kwenda Dominican Republic. Package, kila kitu ndani. Mnajua baridi la January hapa, wakuu, mtu anatamani jua kama mgonjwa anavyotamani uji. Wiki moja kabla, Wifi akateleza kwenye barafu mlangoni kwake akavunjika kifundo cha mguu. Daktari akasema ndege hapandi. Kampuni ikakubali kubadilisha jina, nikaingia mimi.

Nilifurahi, siwafichi. Wifi kavunjika mguu na mimi moyoni nanunua kandambili.

Siku ya kuondoka Wifi akaniita pembeni, mguu uko kwenye plasta juu ya mto. Akanipa kimkoba kidogo chenye vidonge vya glukosi, juisi na biskuti.

"Wifi, nakukabidhi mume wangu," akasema. "Huyu akijisikia vibaya hasemi. Ukimwona anatoka jasho bila sababu, au anaongea pumba, mpe hivi kwanza, maswali baadaye. Unirudishie kama nilivyokupa."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Maneno rahisi hayo.

Kimkoba nikakiweka kwenye handbag yangu, maana Kaka alikataa katakata kukibeba. Eti yeye na kimkoba cha maua wapi na wapi.

Hotelini tukafungua mlango wa chumba tukakuta taulo zimekunjwa mfano wa mabata wawili wanapigana busu juu ya kitanda kimoja, na maua mekundu yamemwagwa pembeni. Kaka hakuvuka kizingiti. Akasema "Astaghfirullah" akarudi reception na masanduku yake. Ilibidi tugombane mpaka tukapewa vyumba viwili.

Siku mbili tukala jua. Siku ya tatu tukachukua excursion ya kwenda Santo Domingo kuangalia mji wa kale. Wahispania ndiko walikojenga mji wao wa kwanza uliodumu huko upande ule wa dunia, kanisa kuu la kwanza liko huko, na mtaa wa kwanza wa mawe. Kaka anapenda historia, ndiye aliyechagua.

Asubuhi kabla ya basi akajichoma sindano yake chumbani kama kawaida. Kisha tukashuka kula.

Hapo ndipo mambo yalipoanzia, ila mimi sikujua. Kaka kashika sahani, anaelekea kwenye mayai, ghafla kasimama. Kamwona Mzungu mmoja kachukua kijiko kilichotoka kwenye nguruwe kakichovya kwenye mayai. Sahani ikarudi mezani. Mkate nao akautilia shaka, kwa sababu ulikuwa jirani. Akala vipande vya papai na kahawa isiyo na sukari, basi.

Sindano kachoma, chakula hakuna. Wenye wagonjwa wa sukari nyumbani mshaanza kushika vichwa.

Kwenye basi nikatoa biskuti. Akanitazama kama nimemtukana. "Kwenye basi langu abiria hali," akasema, "na mimi sili kwenye basi la mwenzangu." Ndiye Kaka huyo. Nikarudisha biskuti.

Guide wetu alikuwa kijana wa makamo anaitwa Rafael, Kiingereza chake kizuri, mcheshi. Akapita kila kiti kusalimia. Akaniuliza, huyu ni mumeo? Nikamjibu kwa Kiingereza changu, "No no, he is my kaka." Nilichanganya kwa mazoea, nyumbani ndivyo tunavyoongea.

Rafael akakohoa. Akamwangalia Kaka, akaniangalia mimi, akaenda kiti cha mbele. Nikadhani ana mafua.

Safari ndefu, Kaka kalala muda mwingi. Tukafika.

Wakuu, mji ule ni mzuri. Mawe manene, milango mirefu ambayo ngamia angepita bila kuinama, vibaraza vya mbao juu, maua yananing'inia. Katikati kuna uwanja una sanamu ya Columbus kanyoosha kidole, na njiwa wanamkalia kichwani wanamnyea. Kaka akasema, "Angalau kuna anayemjibu."

Kilichonishangaza zaidi ni watu. Wengi ni sisi kabisa! Nikawa namwona mtu namwambia Kaka, huyo si fulani wa kule nyumbani Isevya? Huyo si mama muuza karanga? Wao nao wananiongelesha Kihispania bila kusita, wanaona mwenzao. Kumbukeni hilo, maana baadaye lilinigharimu.

Tukafika mlango wa kanisa kuu. Mlinzi akanitazama mimi, gauni refu, hijabu, akaniinamia kwa heshima nipite. Akamtazama Kaka akatikisa kichwa.

Kaka alikuwa amevaa pensi.

Mara ya kwanza katika utu uzima wake! Wifi ndiye aliyemnunulia na kumbembeleza, na siku hiyo hiyo ndiyo anakataliwa mlangoni. Mwislamu wa kike kaingia kanisani kwa heshima zote, kaka yake kaachwa nje kwa sababu ya magoti. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Naye akatabasamu, akakaa kwenye benchi la uwanjani akasema, "Nendeni. Niko hapa hapa."

Nikaingia na handbag yangu begani. Na kimkoba kikiwa ndani.

Humo ndani sitawachosha. Baridi, giza zuri, Rafael anaeleza makaburi ya maaskofu. Nilipiga picha mpaka betri ya camera ikaisha. Tulikaa sana, nakiri nilisahau.

Nikatoka nje. Benchi lipo, njiwa wapo, Kaka hayupo.

Nilidhani kaenda kununua maji. Nikamsubiri kidogo. Simu yake aliiacha hotelini. Nikamuuliza muuza kahawa kwa ishara, akainua mabega. Ndipo yakanirudi yote kwa mpigo, sindano, mayai, papai, biskuti, na sauti ya Wifi: huyu akijisikia vibaya hasemi.

Sukari ikishuka mtu anaanza kutetemeka, anachanganyikiwa, mwisho anaanguka hajitambui. Na dawa yake ninayo mimi begani.

Nikamwambia Rafael. Akasema yeye ataangalia upande wa ngome na mtoni, mimi niangalie mitaa ya huku, tukutane kwenye sanamu. Nikaanza kukimbia.

Nikafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya. Nikaita.

"Kaka! Kakaaa!"

Mtaa mzima ukageuka.

Mng'arisha viatu mmoja akaacha brashi akaniangalia mdomo wazi, kisha akaanza kucheka. Nikamwendea mbio. "Kaka! You see my kaka?" Akanyoosha kidole upande wa kushoto, haraka haraka, kwa uhakika kabisa. Alhamdulillahi, kamwona! Nikakimbia kushoto.

Kuna mgahawa. Mama mmoja mnene wa makamo, aproni nyeupe, kanisikia nakuja. "Kaka! Kaka!" Uso wake ukajaa huruma. Akanishika mkono, mwanamke wa watu, akanivuta ndani, katikati ya meza za watu, huku anasema maneno ya kunituliza. Mimi machozi yananitoka. Nikajua Kaka yumo ndani kalazwa huko nyuma, huyu mama kamsaidia. Nikawa namshukuru kwa Kiswahili, Mungu akulipe mama yangu, Mungu akulipe.

Akafungua mlango wa mwisho, akanisukuma taratibu, akanipa toilet paper mkononi.

Choo.

Nilisimama nikakiangalia choo kile. Nikachungulia hata nyuma ya mlango, nikidhani labda Kaka kaangukia humo. Hamna mtu. Nikatoka, nikamrudishia karatasi yake, nikamwambia kwa sauti zaidi labda hajanielewa: "No, no! KAKA! Big kaka!" Nikanyoosha mikono kuonyesha urefu wake, maana Kaka ni mrefu.

Yule mama alijifanyia ishara ya msalaba.

Nikatoka mbio. Sasa nimeanza kuingiwa na hasira juu ya hofu. Watu gani hawa! Mtu anatafuta ndugu yake wao wanamwonyesha choo! Nikakata kichochoro kimoja kirefu, nyumba zimebanana, madirisha ya chuma, naita kwa sauti yangu yote. Nikasikia dirisha linafungwa paa. Mlango mmoja nao ukarudishwa nusu. Nikaona roho mbaya iliyoje, nikapita.

Nikatokea kwenye duka la dawa. Hapa nikapata matumaini, wataalamu hawa, lazima wataelewa. Kulikuwa na foleni. Nikasema kwa nguvu, "Please! My kaka is sick! Kaka very, very bad!" Kisha ili waelewe kuwa ni mtu wa sindano, nikajipigapiga tumboni, pale Kaka anapojichoma.

Foleni yote ikanipisha. Wakasogea mpaka ukutani. Mwenye duka akaniletea haraka paketi ya vidonge na chupa ya maji, akanieleza kwa vidole, viwili sasa, viwili baadaye, akajishika tumbo akafanya ishara ya kufunga bomba.

Mimi siyo mjinga, wakuu. Hapo nikajua kuna kitu hakiko sawa, ila sikujua ni nini. Nilijiona kama niko ndotoni, unaita watu wanakusikia, wanakujibu, na hakuna anayekuelewa.

Nikarudi kwenye sanamu. Sasa nilikuwa nimeshaanza kuwaza mabaya. Niliwaza nampigiaje simu Wifi. Niliwaza mwili unarudishwaje Birmingham, na kama watakubali kuuosha kwa taratibu zetu. Nilimwaza Amina, mtoto wake. Nililia hadharani bila aibu yoyote, na huku nalia bado naita, taratibu tu, "Kaka, Kaka yangu, uko wapi."

Rafael akatokea mbio. Hakumwona. Akanisikia ninachosema, akasimama, akashusha sauti.

"Madam," akaniuliza, "samahani, unadhani unasema nini?"

Nikamwambia namwita kaka yangu. Brother! Kaka ni brother!

Wakuu, yule kijana wa watu alifunga macho. Akaniambia kwa upole sana kwamba huku neno hilo lina maana nyingine. Ndilo neno wanalotumia watoto wadogo kwa haja kubwa, na kwa sura yangu kila mtu alidhani naongea lugha yao.

Nilikaa chini. Pale pale, kwenye mawe, miguuni mwa Columbus.

Yaani nimezunguka mji wa kihistoria, mbele ya kanisa kuu la kwanza, mwanamke mzima na hijabu yangu, natokwa machozi, napiga kelele mavi, mavi, mmeniona mavi yangu? Na asubuhi kwenye basi, mbele ya Wazungu wote, nilimtambulisha mtu aliyenilea kuwa ndiyo hayo. Na mama wa mgahawa nimemwonyesha na urefu!

Hata kucheka sikuweza.

Rafael akaniinua. "Jina lake nani? Ita jina lake!"

Nikafungua mdomo. Halikutoka.

Mtaniona wa ajabu, najua. Mtu anakufa huko na wewe unashindwa kutaja jina. Lakini midomo ilijikunja yenyewe kama vile vidole vya Mama bado viko pale. Rafael ananitazama haelewi. "You don't know his name?"

Nikamwambia najua.

Tukarudi mitaa ile ile niliyopita. Tulipofika mwanzo wa kile kichochoro cha madirisha ya chuma, nikavuta pumzi, nikaita.

"Zuberi!"

Ilitoka ndogo, kama ya mwizi. Nikaita tena, na mara hii ilinitoka kwa sauti ambayo sikuijua, ndefu, ya kupanda mwishoni, kama mtu aliyesimama uani chungu kikiwa kimeshaepuliwa.

"Zubeeeriii!"

Kisha ndani ya ule mlango uliokuwa umerudishwa nusu, ikajibu sauti nzito, imelegea, ya mtu anayetoka mbali.

"Naam."

Nilisimama kama nimepigwa na shoti.

"Naam, Mama. Nakuja."

Nikausukuma mlango ule. Kaka yupo chini sakafuni, mgongo ukutani, shati limelowa jasho chapachapa, kichwa kimeegemea bega la bibi mmoja mweusi aliyefunga kilemba. Pembeni kuna sinia la vitamu vya kuuza. Wakuu, kashata! Kashata za nazi zile zile, zimekatwa vipande. Bibi anamega anamtia Kaka mdomoni, anamfuta kidevu, anamega tena, huku anamnywesha maji ya sukari kwenye kikombe.

Nikapiga magoti nikamwaga handbag yote chini, nikatoa juisi nikamshikia. Akanywa. Rafael kasimama mlangoni anajipepea na kofia. Rangi ikaanza kumrudia. Jasho likakata.

Kisha macho yake yakatulia juu yangu, yakakaza, yakawa ya Kaka tena.

"Wewe," akasema. "Umeanza lini kuniita jina?"

Wallahi nilicheka na kulia kwa wakati mmoja. Nikamwambia, "Nisamehe, Kaka." Bibi kusikia hivyo akashtuka, akamtazama Kaka pensi yake.

Rafael alivunjika mbavu kwa kicheko. Alipotulia akatutafsiria maneno ya bibi, na Kaka akajazia yake. Kaka alipokuwa kwenye benchi alijisikia kutetemeka, akanyanyuka kutafuta soda, akili ikampotea njiani. Akaangukia mlangoni pa bibi yule. Watu wawili watatu walimpita, wakisema mlevi. Bibi naye alidhani hivyo hivyo, akatoka na fagio amfukuze. Akainama, akamsikia ananong'ona neno moja tu, analirudia.

Sukari. Sukari.

Na kwa Kihispania, wakuu, sukari ni "azúcar." Ukisema haraka na ulimi mzito, ni kama neno lile lile. Bibi akaacha fagio, akaleta sinia.

Neno moja la kwetu lilinipeleka chooni, neno jingine la kwetu likamwokoa. Mpaka leo nikilifikiria nywele zinanisimama.

Nikamuuliza bibi kupitia Rafael, hukunisikia nikipita naita? Bibi akaniangalia kwa mashaka. Akasema alimsikia mwendawazimu mmoja anapita anapiga kelele za uchafu, ndiyo maana akarudisha mlango, asimsumbue mgonjwa.

Nilimbusu mikono yote miwili. Nilitaka kumlipa akanifukuza na lile fagio. Akakubali tu ninunue sinia zima, na basi letu zima lilikula kashata siku ile, isipokuwa Kaka, ambaye alipewa mkate na jibini kwenye kiti chake na akala. Ndani ya basi la mwenzie. Bila neno.

Njiani kurudi, watu wamelala, nikamuuliza taratibu. "Kaka, pale uliposema naam Mama, ulikuwa unajitambua?"

Akapangusa kwanza makombo ya mkate kwenye pensi yake.

"Nilikuwa nasikia mtu anaita kwa mbali," akasema. "Nikajua ni Mama, ananiita nikale. Tangu tumzike, jina hilo sijaitwa na mtu. Huyu Baba Amina, yule Zed, wewe Kaka. Nikasema ngoja niitike, Mama hapendi kuita mara mbili."

Akageukia dirishani. Nami nikageukia upande wangu, maana kuna machozi ambayo mtu na kaka yake hawaangaliani.

Baadaye akasema, bila kunitazama, "Usizoee."

"Sitazoea, Kaka."

Birmingham nikamkabidhi kwa mwenyewe. Wifi alipopata habari yote alicheka mpaka plasta ikagonga meza, kisha akaacha kucheka ghafla akaenda jikoni kwa magongo yake akakaa huko. Sikumfuata.

Somo langu, wakuu. Mgonjwa wa sukari abebe sukari yake mwenyewe mfukoni, hata kama kimkoba kina maua. Sindano ikishaingia, chakula kifuate, mambo ya kijiko cha nguruwe mtayamaliza hata kwa mkate na ndizi. Mkienda nchi za watu, jifunzeni kabisa jinsi ya kusema ugonjwa wenu na jina la mtu wenu. Na mkiwa nchi za Kihispania, chonde chonde, msimwite mtu kaka.

Wazee wa kwetu sijawakosoa, heshima ni heshima na watoto wangu naendelea kuwafundisha. Ila nimewafundisha na jina kamili la mjomba wao.

Na huwa mara moja kwa mwaka, Idi ya Ramadhani, tukishakula kwake, sahani zimeondolewa, Kaka anakunja mikono anaangalia ukuta, anasema, "Haya, niite." Mimi nasimama nakwenda mpaka kwenye ka-garden kao ka nyuma, baridi au mvua, naita kwa ile sauti ndefu, majirani Wapakistani wameshazoea. Naye anaitika kutoka ndani. Naam. Halafu tunarudi kwenye shikamoo zetu mpaka mwaka mwingine.

Karibuni mchangie, matusi nimeshayazoea tangu siku ile. Nataka kujua kwenu mkubwa mnamwitaje. Na kama kuna mtu nyumbani kwako ambaye jina lake lilikuwa linaitwa na mmoja tu, na huyo mmoja keshaondoka, mwite leo, usikie anavyoitika.